Choo kinaporudisha maji, nani alipe?

Fundi bomba mzoefu akiitwa kwenye nyumba ambayo choo kinarudisha, haanzii chooni. Anatoka nje, anatafuta chemba, yaani shimo la kukagulia bomba, iliyo karibu na ukuta, anafunua mfuniko na kuchungulia. Chemba ikiwa kavu ilhali choo kimejaa, anajua pameziba kati ya choo na chemba. Ikiwa imejaa, anaiacha na kwenda ya pili, kisha ya tatu, mpaka aikute iliyo kavu. Kati ya chemba ya mwisho iliyojaa na ya kwanza iliyo kavu ndipo palipoziba. Kazi yenyewe haimalizi hata robo saa, lakini ndiyo mara nyingi inayoamua mfuko wa nani utafunguliwa. Pakikutwa ndani ya mpaka wa kiwanja, mzigo ni wa mwenye nyumba. Pakikutwa nje, ni wa mamlaka inayosimamia mtandao wa majitaka.

Ugomvi huanzia hapo hapo, kwa sababu mahali bomba lilipoziba na mtu aliyeliziba ni mambo mawili, na mara nyingi hayakutani.

Wanaotetea kanuni ya mpaka wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Majitaka hayasubiri baraza likae. Yakianza kurudi ndani, kila saa inayopita ni ukuta unaonyonya uchafu na watoto wanaokanyaga wasipopaswa kukanyaga. Kanuni inayosema "pako kwako, zibua" haihitaji uchunguzi wala mashahidi. Inahitaji ramani tu. Tena mwenye kiwanja ndiye aliyemchagua fundi wa kulaza bomba, au amenunua nyumba pamoja na makosa ya fundi huyo. Bomba la kawaida la milimita 100 hutakiwa lishuke kama sentimita moja kwa kila sentimita 40 za urefu. Likilazwa karibu bapa, maji hupita na kuacha uchafu mgumu umelala, na siku zikienda unarundikana. Mti nao ni hivyo hivyo. Mzizi hauna haja ya kutoboa bomba zima. Hufuata unyevu unaovuja kwenye maungio, hasa ya mabomba ya zamani ya udongo, ukaingia mwembamba kama unywele, kisha ukanenepa humo ndani na kutengeneza wavu unaonasa kila kinachopita. Aliyeupanda mti huo juu ya bomba hawezi kuilaumu mamlaka.

Hadi hapo mpaka unatenda haki. Unaanza kuyumba tunapofika jikoni.

Mafuta yaliyobaki kwenye kikaango, yakimwagwa yangali moto, hupita kwenye kiwiko cha bomba chini ya sinki bila shida yoyote. Aliyeyamwaga anafungulia maji kidogo, anaona yametoweka, basi. Yanapoa mbele ya safari, na pengine huko mbele ni nje ya mpaka wake, kwenye bomba wanalochangia watu wote. Yakifika hapo hugandia ukutani, na asidi zake zikikutana na madini ya kalisi yaliyomo majini na kwenye zege hugeuka kitu kigumu cha jamii ya sabuni. Kisha vinakuja vitambaa laini vyenye unyevu vya kufutia watoto. Karatasi ya chooni imetengenezwa isambaratike ikilowa. Vitambaa hivyo vingi vina nyuzi za plastiki, na vimetengenezwa visichanike hata vikisuguliwa. Vinashikamana na mafuta, mafuta yanashikamana navyo, na bomba linakuwa dogo mwezi hadi mwezi.

Mwaka 2017, chini ya mtaa wa Whitechapel jijini London, lilikutwa donge la namna hiyo lenye urefu wa mita 250 na uzito uliokadiriwa kuwa tani 130. Kipande chake kiliwekwa hata kwenye jumba la makumbusho mwaka uliofuata. Nani alilitengeneza? Kila mtu, kwa hiyo hakuna mtu. Gharama ya kulivunja haikuweza kupelekwa kwenye jiko lolote mahususi. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Kwenye bomba la pamoja hata hilo ni afadhali, maana mara nyingi mchumaji hali kabisa. Wanakula wa kwao peke yao.

Ndiyo maana wengine wanasema kanuni ya haki ni moja tu: alipe aliyesababisha. Ukiisikia inavutia. Ila jaribu kuitumia kwenye jengo la ghorofa nne.

Jengo hilo lina bomba moja la wima linalopokea vyoo na masinki ya kila ghorofa. Likiziba chini kabisa, maji ya juu hayarudi juu. Yanatafuta tundu la chini kuliko yote, nalo ni la bafu la ghorofa ya chini. Mpangaji wa huko anaweza kuwa amesafiri wiki nzima. Anafungua mlango na kukuta sakafu ina maji ya kijivu yenye punje za wali asioupika na nywele zisizo zake. Wa juu kabisa, ambaye pengine ndiye mmwaga mafuta mkuu, anaoga huku akiimba, na kila anapofungua maji kule chini yanapanda kidogo. Haoni kitu, hanusi kitu, kwa hiyo hapigi simu. Anayepiga simu ni wa chini, na kwa mantiki ya ajabu inayopendwa sana na wenye nyumba, anayepiga simu ndiye anayeulizwa, "Umetupa nini?"

Hapa kanuni zote mbili zinamwonea mtu yule yule. Ya mpaka inasema uchafu uko kwake. Ya kisababishi inamtaka athibitishe kwamba si yeye, na hana la kuonyesha. Akiambiwa aweke valvu ya kuzuia maji yasirudi, anapata nafuu nusu: ikijifunga kuyazuia ya wenzake, na ya kwake hayatoki. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ghorofa ya juu ndipo kanda hilo linapokuwa jepesi zaidi.

Kati ya mpangaji na mwenye nyumba, mimi naona ushahidi upo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, tatizo ni kwamba unatupwa. Waya wa kuzibulia ukitoka na pedi, nepi au gari dogo la mtoto, mpangaji hana pa kujificha. Ukitoka na mizizi, au fundi akisema waya unagonga mahali bomba limedidimia, huo ni mgogoro wa mwenye nyumba na nyumba yake. Kwa hiyo kinachotoka kipigwe picha kabla hakijazolewa. Najua si picha ya kuweka ukutani. Linalobaki gumu ni mafuta ya miaka, yaliyowekwa tabaka kwa tabaka na wapangaji watatu waliokwisha kuhama. Kumtoza wa nne yote kwa sababu tu bomba lilijifunga siku zake ni uonevu. Mwenye nyumba aliyepokea kodi ya wote wanne ndiye mwenye uhusiano na tabaka zote.

Na mpaka wenyewe haukuteremka kutoka mbinguni. Ni uamuzi wa watu, na umehamishwa mara kadhaa. Nchini Uingereza, bomba lililohudumia nyumba kadhaa chini ya viwanja vyao mara nyingi lilikuwa mali yao kwa pamoja, na wengi hawakujua hivyo hadi siku lilipoziba na jirani akakataa kuchanga. Tarehe 1 Oktoba 2011, mabomba mengi ya pamoja ya Uingereza na Wales yaliyounganishwa na mtandao wa umma, pamoja na vipande vya bomba la nyumba moja vilivyo nje ya mpaka wake, yalihamishiwa kwa kampuni za majitaka. Katika miji mingi ya Marekani mambo ni kinyume: mwenye nyumba hubeba bomba lake hadi linapokutana na bomba kuu, hata kama makutano yako chini ya barabara asiyoweza kuichimba bila kibali. Njia ya kwanza inasambaza gharama kwa wateja wote, wakiwemo waangalifu. Ya pili inamwacha mtu mmoja na gharama inayoweza kumfilisi. Mimi naipendelea ya kwanza. Sababu si huruma. Ni kwamba mwenye mtandao ana mashine, ramani na vibali, na mwenye nyumba ana ndoo.

Hata hivyo kuikabidhi mamlaka bomba hakumaanishi itawajibika. Huko huko Uingereza kuna kesi maarufu ya mwenye nyumba mmoja, Bwana Peter Marcic, dhidi ya kampuni ya majitaka ya Thames Water. Kiwanja chake kilianza kufurika mwaka 1992, si kwa sababu ya uchafu wake, bali kwa sababu bomba lililotosha lilipolazwa lilikuwa sasa limeunganishwa na nyumba nyingi kupita uwezo wake. Alishinda Mahakama ya Rufaa mwaka 2002. Mwaka uliofuata House of Lords, iliyokuwa ndiyo mahakama ya juu wakati ule, ilimnyima ushindi huo. Ilisema, kwa ufupi, kwamba kupanga mtaa upi uhudumiwe kwanza ni kazi ya msimamizi aliyewekwa na sheria, si ya hakimu anayetazama nyumba moja. Hoja ina akili: pesa za mabomba zikigawanywa na mahakama, zitamwendea mwenye wakili. Lakini mtu anayezoa majitaka kiwanjani kwake kwa mwaka wa kumi hapati faraja yoyote humo. Nayo mamlaka ina la kujibu ambalo wenye nyumba hatupendi kulisikia: wengi wetu tumeunganisha maji ya mvua ya paa kwenye bomba la majitaka, kisha mvua ikinyesha tunashangaa mifuniko ya chemba inapoinuka.

Warumi walishaligusa jambo hili, na kwa busara kuliko tulivyo sasa. Katika sheria zao zilizokusanywa kwa amri ya Kaizari Justinian na kutangazwa mwaka 533, mtu alilindwa asizuiwe kwa nguvu kusafisha au kutengeneza mfereji wa majitaka uliotoka nyumbani kwake na kupita kwa jirani. Aliyetaka kuusafisha aliweka dhamana kwamba kazi ikiharibu kitu atafidia. Yaani haki ya kuzibua ilitangulia, ubishi wa hasara ukafuata.

Huo ndio mpangilio ninaouona unafaa hata leo. Mpaka uamue nani afungue chemba leo hii. Kisababishi kiamue nani abebe gharama mwishowe, pale tu kilipoonekana kwa macho. Kisipoonekana, na bomba ni la wote, walipe wote, wa ghorofa ya juu akiwemo, tena kwa kusafisha kwa ratiba badala ya kungoja bafu la mtu fulani lijae. Makubaliano hayo yaandikwe bomba likiwa linapita vizuri, maana likishaziba kila mmoja anakumbuka kwamba hapiki na mafuta.

Siku hizi ipo kamera nyembamba inayosukumwa ndani ya bomba, ikaonyesha kwenye kioo mzizi uko wapi, ufa uko wapi na mafuta yanaanzia kwenye tawi la nani. Ingemaliza ubishi mwingi. Nimeshuhudia jengo moja wakiijadili jioni nzima, chemba ikiwa wazi katikati yao, wakashindwa kukubaliana nani aigharimie.