Uzamivu wa roboti: machapisho yanampima mwombaji au maabara aliyotoka?

Matangazo ya nafasi za uzamivu kwenye maabara za roboti za vyuo vikuu vya Ujerumani mara nyingi yana sentensi inayowavunja moyo vijana wetu kabla hawajafika chini ya ukurasa: mwenye machapisho kwenye mikutano mikubwa ya kimataifa ya utafiti wa roboti, kama ICRA au CoRL, atapewa kipaumbele. Hata pale isipoandikwa, mara nyingi ndiyo inayochuja. Nimewasaidia vijana kadhaa kuandaa maombi ya namna hii, na naelewa kwa nini maprofesa wanaipenda sentensi hiyo. Ila naamini inapima kitu kingine, si kile wanachodhani inapima.

Tuanze na profesa, maana hoja yake ina uzito. Ujerumani, mwanafunzi wa uzamivu wa uhandisi kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo. Analipwa kwa daraja la mshahara liitwalo E13, na gharama yake kwa mradi inapita euro 70,000 kwa mwaka. Mkataba mara nyingi ni wa miaka mitatu kwa sababu fedha za mradi ni za miaka mitatu. Sheria inaruhusu mikataba ya muda hadi miaka sita kabla ya kuhitimu, lakini sheria haileti fedha. Profesa akimchukua asiyeiweza kazi, ripoti za mfadhili zinachelewa, wenzake maabara wanabebeshwa mzigo wake, na mwanafunzi mwenyewe, aliyeacha familia na kuvuka bahari, anaweza kurudi mikono mitupu. Chapisho ni ushahidi wa haraka kwamba mtu huyu aliwahi kuanza utafiti akaumaliza, na wataalamu wasiomjua wakaukagua.

Lakini chapisho la roboti linahitaji roboti. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa mfumo unaoitwa ALOHA, wa mikono miwili ya roboti inayoongozwa na binadamu ili ijifunze kazi kama kufungua kikombe kidogo au kuweka betri mahali pake. Waliutangaza kama mfumo wa gharama nafuu, na jumla yake ilikuwa chini ya dola 20,000. Sina sababu ya kuwabeza. Ukilinganisha na mifumo mingine ya mikono miwili iliyokuwepo, kweli ilikuwa nafuu, na michoro yake waliitoa bure kwa kila mtu.

Hiyo bei imenikaa kichwani. Dola 20,000 ni takriban shilingi milioni 50 za Kitanzania. Hiyo ndiyo nafuu, kwenye fani ambayo mkono mmoja tu wa utafiti hugharimu makumi ya maelfu ya euro. Na kununua ni mwanzo tu. Roboti ya aina hii inafundishwa kwa kuonyeshwa kazi ileile mara nyingi, hivyo chapisho lina ndani yake saa nyingi za mtu kukaa na mkono ule: kuangusha, kuokota, kuvunja kidole cha plastiki na kutengeneza kingine kwa printa ya 3D. Kijana aliyesoma idara ambayo wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanachangishana hela ya betri hakuzipata saa hizo. Akikosa chapisho, unachojua kwa hakika ni kwamba hakuwa na mkono wa roboti.

Wapo wanaojibu kwamba siku hizi simulesheni, yaani kuiga roboti ndani ya kompyuta, ni bure. Ni kweli, na imesaidia sana. MuJoCo, programu inayotumiwa sana kuiga mwendo wa roboti, ilikuwa ya leseni ya kulipia hadi Oktoba 2021, kampuni ya akili bandia ya DeepMind ilipoinunua na kuiachia bure. Hata hivyo, kufundisha roboti ndani ya simulesheni kunakula nguvu ya kompyuta ambayo laputopu ya mwanafunzi haina. Na ukimaliza, wahakiki wa mikutano hiyohiyo wanakuuliza: umeijaribu kwenye roboti halisi?

Kijana mmoja niliyepitia maombi yake alitengeneza mkono wa roboti kwa mota za wipa za magari mabovu. Mota ya wipa ina nguvu na bei yake inavumilika, lakini haikuambii imezunguka kiasi gani. Akachukua zile volyumu za redio kuukuu, kile kifundo unachozungusha kupandisha sauti, akakifunga kwenye kila kiungo, maana volyumu ikizungushwa ukinzani wake unabadilika na kompyuta inaweza kuusoma. Volyumu kuukuu ina kutu, kwa hiyo namba zikawa zinarukaruka. Akaamua kuchukua wastani wa vipimo 20 vya mwisho. Namba zikatulia, mkono ukaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa.

Usiku wa pili ndipo akagundua kwamba wastani ule ulikuwa unaichelewesha habari. Mkono ulikuwa umeshafika, programu bado inadhani haujafika, inauongezea nguvu, unapitiliza, inaurudisha, unapitiliza tena. Akapunguza vipimo hadi vitano na kushusha nguvu ya mota, akakubali kelele kidogo ili apate utulivu. Huo mvutano kati ya kelele na ucheleweshaji unafundishwa kwenye kozi za udhibiti mitambo duniani kote. Yeye alikutana nao ukiwa na harufu ya mota inayoungua.

Kwenye wasifu wake kazi hiyo ilikaa kwenye mstari mmoja: "Mradi wa mwaka wa mwisho: mkono wa roboti." Hakuna machapisho. Hakuitwa kwenye usaili.

Uhaba wa namna hii umewahi kuzaa mambo mazuri mbele ya macho ya watu. Mwaka 2012 mtandao wa roboti wa Afrika, AFRON, uliitisha shindano la kubuni roboti ya kufundishia ya dola 10. Mojawapo ya zilizoshinda ilitengenezwa na mtaalamu aliyekuwa akiishi Thailand, kwa kidhibiti cha mchezo wa video na pipi mbili za kijiti zilizochomekwa juu ya vile vijiti vya kidole gumba. Roboti ikigonga kitu, pipi zinayumba, vijiti vinalala, kompyuta inajua imegonga. Gharama yote ilikuwa dola 8.96.

Sitaki kumpaka rangi kijana wa mota za wipa. Hajawahi kutumia ROS 2, programu ya kuunganisha na kuendesha sehemu za roboti, ambayo maabara hizo zinaishi nayo. Hesabu za uboreshaji, zile za kutafuta jibu bora kati ya mengi, amezigusa juujuu. Kuandika makala ya kisayansi kutamsumbua. Sehemu kubwa ya mwaka wa kwanza itakwenda kwenye kuziba mapengo hayo, na kwenye mkataba wa miaka mitatu huo si muda mdogo. Uholanzi, ambako uzamivu kwa kawaida ni miaka minne, nafasi ya kupumua ni kubwa zaidi. Profesa anayeogopa pengo hilo haogopi kivuli.

Ila mwenye machapisho naye ana mapengo, hayaonekani tu. Jina la nne kati ya waandishi tisa halikuambii mtu alifanya nini. Huenda alikusanya data kwenye roboti ambayo wengine waliitengeneza, wakaiwasha na kuirekebisha ilipogoma. Mapengo ya kijana wetu yanazibika kwa kozi na vitabu. Subira ya kukaa na mashine iliyogoma mpaka ueleze kwa nini imegoma haina kozi.

Hiyo inaweza kupimwa, tena kwa bei ndogo. Maabara impe kila aliyepita mchujo wa alama rekodi ya vihisi ya mkono uliogonga meza, imuulize ni kitu gani kilikosewa kwanza na amejuaje. Muda wa saa nne tu, laputopu ya kawaida, hakuna roboti wala kompyuta kubwa inayotakiwa. Ziwe saa nne kweli. Zoezi la wiki nzima bila malipo linamwonea mwombaji mwenye ajira au mtoto mdogo, na hapo tutakuwa tumebadilisha ubaguzi mmoja kwa mwingine.

Na sisi tulioko upande huu tuna sehemu yetu. Barua za mapendekezo zinazotoka kwa wahadhiri wetu zinasifu tabia: mtiifu, mchapakazi, anawahi darasani, hana rekodi ya utovu wa nidhamu. Kwetu ni sifa kubwa. Kwa profesa wa uhandisi kule Munich hazielezi chochote kuhusu utafiti. Barua ya yule kijana ilikuwa na aya tatu na alisifiwa kwa heshima tele. Mhadhiri aliyeiandika ndiye aliyesimamia mradi wake na aliuona mkono ule ukitetemeka, lakini volyumu za redio hazikutajwa hata mara moja.