Thamani ya kiraka

Mashabiki wa soka Dar es Salaam wana neno lao la mchezaji anayeweza kupangwa nafasi nyingi: kiraka. Erasto Nyoni, aliyetoka Azam kwenda Simba mwaka 2017, aliitwa hivyo kwa kuwa alimudu beki ya pembeni, beki ya kati na kiungo mkabaji. Kabla ya mwaka 2020, wakati timu iliruhusiwa kubadilisha wachezaji 3 tu badala ya 5, mtu wa namna hiyo alimwokolea kocha nafasi nzima ya mabadiliko.

Nje ya uwanja mvuto wake ni mkubwa zaidi. Fundi wa eneo la Gerezani, Dar es Salaam, anayejua kuchomelea tu hukaa bure siku isiyo na oda ya geti, ilhali mwenzake anayejua pia kupaka rangi na kufunga madirisha ya alumini hapati shida hiyo. Anayemwonya kijana kwamba mshika mawili moja humponyoka, amwambie pia kodi ya chumba italipwa na nani mwezi ambao fani hiyo moja imelala.

Hata hivyo, uzito wa onyo hilo la mshika mawili niliuona nyumbani kwangu. Fundi bomba aliyenifungia pampu kwa ustadi mkubwa alijitolea kuweka na soketi yake, nami nikakubali ili nipunguze gharama. Baada ya wiki mbili soketi ilianza kunuka plastiki inayoungua, na tulipoifungua tulikuta waya mwembamba wa taa umegeuka mweusi. Ndiyo maana kazi ya kufunga umeme inahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji: kosa lake haliishii kwa aliyelitenda.

Waajiri nao wana lao. Matangazo mengi ya ajira humalizia na “kazi nyingine atakazopangiwa na msimamizi wake”, na kwa maneno hayo dada wa mapokezi hujikuta akiandika risiti, akipeleka hundi benki na kufunga hesabu za jioni kwa mshahara uleule. Huko ni kuzibishwa mapengo, na sioni haki kukuita kipaji.

Kwa maoni yangu, jambo la kupima ni mzizi. Nafasi zote za Nyoni zilidai kitu kimoja, yaani kusoma mchezo na kukaba. Hakuna aliyemtaka asimame golini. Fundi wangu alitoka kwenye maji akaingia kwenye umeme bila kitu cha kumbeba. Pampu aliyoifunga haijasumbua hadi leo.