Tuliwapa ukumbi

Kila El Fasher, mji wa magharibi mwa Sudan, inapotajwa kwenye habari, hapa Nakuru lawama zinapelekwa New York: Umoja wa Mataifa umelala, wakubwa wa dunia hawajali Waafrika wakifa. Nakubali nusu. Juni 2024 Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 2736 likiwataka wapiganaji wa RSF, kikosi kilichoingia vitani dhidi ya jeshi la Sudan, waondoe mzingiro wa mji huo wa Darfur. Hawakuondoa. Novemba mwaka huohuo, Urusi ikapiga kura ya turufu dhidi ya azimio jingine la kutaka mapigano yasitishwe. Waliokwama mjini wakafikia kula mashudu, chakula cha mifugo. Tarehe 26 Oktoba 2025 mji ukatekwa, na Shirika la Afya Duniani likaripoti kuwa watu zaidi ya 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, waliuawa katika hospitali ya uzazi ya Saudi.

Nusu ya pili ni yetu. Februari 2025, El Fasher ikiwa tayari imezingirwa, RSF na washirika wao walikusanyika katika ukumbi wa mikutano wa KICC pale Nairobi, na siku chache baadaye wakatia saini jijini humo hati ya kuunda serikali yao sambamba. Wizara ya Mambo ya Nje ilijitetea kwamba Kenya inatoa tu jukwaa la mazungumzo. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na mwezi uliofuata ikapiga marufuku bidhaa zetu, majani chai yakiwemo. Ndipo huku Bonde la Ufa tukasikia kelele. Kelele za chai.

Sipingi kuketi na wenye damu mikononi. Naivasha, ndani ya kaunti yetu hii, Jenerali Lazaro Sumbeiywo aliwaketisha John Garang wa waasi na Ali Osman Taha wa serikali hadi amani ya kusini mwa Sudan ikapatikana, ikatiwa saini Nairobi Januari 2005. Lakini pale serikali na waasi walikuwa meza moja. KICC ulikuja upande mmoja, ukapigwa picha, ukaondoka na hadhi. Na hata Naivasha ilikuwa na doa lake: mazungumzo yakiendelea, wanamgambo wa Janjaweed, ambao ndio chimbuko la RSF, walikuwa wakichoma vijiji vya Darfur, na mataifa makubwa yalisita kuibana Khartoum yasije yakavuruga mkataba.

Watu wa Nakuru hatuna haja ya kufundishwa haya. Mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, mji huu uliwaka, kafyu ikatangazwa, uwanja wa maonyesho ukajaa wakimbizi wa ndani. Kofi Annan alikuwa ameshafika nchini kusuluhisha, na tarehe 28 Februari Kibaki na Raila walitia saini mkataba wa kugawana madaraka. Kwa nini dunia ilituharakia hivyo? Huruma ilikuwepo, siwezi kuikana. Ila pia barabara ya kutoka Mombasa inapita hapa kwetu, na ilipofungwa Uganda na Rwanda zilikosa mafuta. Tena Marekani iliwaandikia barua baadhi ya wanasiasa na wafanyabiashara wetu ikiwaonya kuhusu viza. Mtu ambaye watoto wake wanasoma ng'ambo husoma barua kama hiyo mara mbili.

Hapo ndipo naona jawabu la Darfur lilipo. Vikwazo vya silaha kwa Darfur vipo tangu 2004, na silaha bado zinaingia. Dhahabu ya Sudan inauzwa Dubai. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa na mashirika ya haki za binadamu wameinyooshea kidole Umoja wa Falme za Kiarabu kwamba unaifadhili RSF kwa silaha, nao unakana. Matamko ya kulaani hayamgusi kamanda mwenye mgodi. Kinachomgusa ni akaunti, ndege, pasipoti, na mji wa kistaarabu wa kufanyia mkutano akitoka vitani. Hicho cha mwisho sisi tulimpa.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu Katibu Mkuu aliye mbali, nina swali la karibu. Kaunti ya Nakuru ina wabunge 11 wa maeneobunge, na mwaka 2027 watakuja sokoni na mitaani kutuomba kura. Wakimaliza kuahidi lami, waulizwe: nani aliidhinisha mkutano ule wa KICC, nani alilipia, na nyinyi mlisema nini bungeni?