Mikono Kumi ya Mtu Mmoja

Watu wa forodha wamefungua kartoni tena. Kwa kisu, tena upande ule ule ulioandikwa usikate, halafu wakarudishia na skochi ya kahawia ambayo ukiivuta inaondoka na ngozi ya sanduku. Ndani ya kartoni kuna sanduku, ndani ya sanduku kuna trei, ndani ya trei amelala mwanajeshi wa plastiki, sentimita 30, dola 280 kabla hajapanda ndege. Sanduku likichanika, siku ya kumuuza mnunuzi anaanza kuhesabu kutoka hapo kushuka chini.

Na sisi watu wa moja kwa sita, tunaokusanya hawa wanajeshi waliogawanywa kwa sita, hatuna makuu. Delestaji, umeme kukatwa kwa zamu, tunaivumilia. Vumbi la Julai tunalimeza. Tunaomba kitu kimoja tu: msimguse.

Hesabu yenyewe haina siri. Mtu wa mita 1.80 ukimgawa kwa sita unapata sentimita 30. Bastola yake ya sentimita 21 inakuwa tatu na nusu. Simu yake inakuwa kama punje mbili za mahindi zikipangwa. Kinachokataa hesabu ni kitambaa, kwa sababu uzi haugawanyiki kwa sita. Mshonaji akimkatia koti kwenye jinzi ya kawaida, jamaa anasimama kama aliyevaa godoro, mikono haishuki. Kitambaa kiwe chembamba kupita kiasi, mshono wa karibu karibu, vifungo vya milimita mbili. Weka na kichwa kilichopakwa rangi kwa mkono hadi vinyweleo vya ndevu, na mwili wenye viungo zaidi ya 30. Bei inatoka hapo. Wanaosema ni plastiki tu, na wao ni maji tu.

Halafu kuna kungoja. Unalipa amana leo, kwa picha. Chini ya picha wameandika kwa herufi za sisimizi kwamba bidhaa yenyewe inaweza kutofautiana. Wanakuambia robo ya tatu ya mwaka. Robo ya tatu inafika, wanasema ya kwanza. Mtoto aliyetungwa mimba siku ya amana anaweza kuja kukupokelea mzigo akiwa anatembea.

Mzigo ukitoka, unalipa hewa. Mwanajeshi na vyombo vyake vyote hafiki kilo 2, lakini wasafirishaji wa ndege hawapimi kilo peke yake. Wanachukua urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, wanagawa kwa 5000. Kartoni ya 45 kwa 32 kwa 22 inakupa kilo 6 na kitu. Hizo kilo 4 za juu ni hewa ya Hong Kong! Lubumbashi hewa tunayo, hata kama unaitafuna. Unaweza kumwomba muuzaji atume bila kartoni ya nje, hewa ipungue, ila kisu cha hapa kitakutana na sanduku lenyewe uso kwa uso. Chagua msiba wako.

Sasa tuje kwenye dirisha. Bwana mmoja wa heshima, shati limepigwa pasi ya makala, yaani mkaa, simtaji jina kwa sababu nampenda sana, alifika kuchukua mzigo saa mbili asubuhi. Ofisi nayo tuiache ilivyo. Nyuma ya meza alikaa mama mwenye miwani ya kuning'inia, na kartoni ilikuwa tayari imeshakutana na kisu.

— Papa, hii kintu iko nini?

— Ni sanamu, Mama.

— Sanamu iko na viatu?

Alikuwa na viatu. Buti, kamba za kweli, fundo la kweli. Mama akavaa miwani, akasoma sanduku: si kitu cha kuchezea, miaka 15 na zaidi.

— Basi hii haiko ya kucheza.

— Hapana, Mama. Si ya kucheza.

— Sasa unafanyaka naye nini?

Bwana alinyamaza. Swali hilo nyumbani kwake lina umri mkubwa kuliko mtoto wake wa kwanza.

Jambo lenyewe si dogo. Kwenye vitabu vya forodha, michezo ya watoto iko namba 9503, sanamu za plastiki za mapambo ziko 3926.40, na kodi ya TVA ya asilimia 16 inangoja pande zote mbili kama kuku chini ya meza ya bukari, ugali wetu. Ukikubali mchezo, sanduku linakukana. Ukisema sanamu, mwili unakukana. Bwana alishikilia sanamu. Mama akamchukua mwanajeshi, akamkunja goti. Goti likakunjika, likafunga vizuri sana, kazi ya kiwandani safi.

— Papa. Mama Maria wa ku kanisa hakunjake goti.

Foleni ikacheka. Bwana akajikohoza, akatoa hotuba. Akasema kwamba mwaka 1964, huko Marekani, Hasbro walitoa mwanajeshi wao G.I. Joe, karibu inchi 12, sehemu 21 zinazosogea, na kwa kuwa waliogopa mvulana hatataka kununuliwa mwanasesere, walilikataza neno hilo kabisa, wakatafuta jingine. Akasema kwamba tangu hapo ni miaka zaidi ya 60 wanaume wazima wa dunia nzima wanakataa neno hilo. Akasema ni suala la heshima. Mama alisikiliza hadi mwisho, akalowanisha kidole, akageuza ukurasa, akaandika: pupe, mwanasesere, neno lile lile.

Halafu akainua trei ya pili.

— Huyu muntu iko na mikono ngapi?

— Kumi, Mama.

— Na vichwa?

— Viwili.

Mzee mmoja wa nyuma alivua kofia. Dada mwenye mtoto mgongoni akarudi hatua mbili. Mtu fulani, kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana, akasema bulozi, uchawi. Bwana akaanza kueleza mkono mmoja mmoja, maana ni ya kubadilisha, jasho likiharibu pasi yote: hii miwili amevaa, ya kupumzika, hii miwili ngumi, hii ya kulia kidole cha shahada kimenyooka, ni cha kufyatulia, hii ya kushoto imefunguka, inapokea bunduki kwa chini, hii ya saluti, na mwenzake, hii miwili ya kushika kamba.

— Ya kupumzika? Hii ingine inatumika wapi?

Ndipo akaiona bastola. Sentimita tatu na nusu. Mama hakusema kitu tena. Alivua miwani, akaita:

— Chefu! Iko na silaha!

Chefu alikuja, baba mpana, kidole gumba sawa na kichwa cha mwanajeshi. Bastola aliitazama kwenye kiganja kama mtu anayetafuta mwiba. Akatoa magazini, kwa sababu inatoka, na hilo lilimfurahisha, akairudisha, akaitoa tena. Hapo mambo yangeweza kwisha. Lakini chefu ni mtu wa kuhakikisha. Akashika mkono wa kupumzika, wa kulia, akauvuta.

Jamani. Hauvutwi! Mkono wa moja kwa sita hauvutwi kama jino! Kati ya mkono na kigasha kuna pini, haifiki urefu wa punje mbili za wali mrefu, ina kichwa cha duara kila upande. Mkono ni PVC, laini. Pini ni plastiki ngumu. Baridi ya asubuhi ya Julai inaufanya mkono ubane pini kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa. Unaupasha moto mkono kwanza, si pini, sekunde kumi na tano au ishirini za seshwari, ile ya kukaushia nywele; unashika kigasha karibu kabisa na kifundo kwa vidole viwili; unautikisa mkono kushoto na kulia kidogo kidogo huku unautoa. Ukivuta mkono ukiwa baridi, pini inavunjika shingoni, na nusu inabaki ndani ya kigasha. Yote hayo bwana aliyasema. Aliyasema baada ya kusikika: tik.

Pini iliruka. Sakafu ya pale ni simenti nyeusi, pini nayo ni nyeusi. Walipiga magoti chefu, bwana na mzee wa kofia. Mama Maria angeona angeona aibu. Wakapata vibanio vitatu vya nywele, msumari, kifuniko cha Bic na franga mia moja ambayo watu wanne waliitambua kuwa yao. Pini hapana. Chefu akasimama, akapangusa magoti, akampiga bwana begani kwa huruma ya kweli:

— Papa, pole. Lakini aksanti Mungu, iko na mingine tisa.

Na karatasi ya kusaini ikasema: umepokelewa katika hali nzuri.

Kwa aliyevunjikiwa, na wote mtavunjikiwa: usitie gundi. Narudia kwa sababu kila mtu ana kijana wa jirani mwenye gundi ya haraka. Ile inakimbia ndani ya kiungo, inakauka, na kifundo kinakuwa mfupa mmoja hadi kiama. Tafuta katika sanduku kwanza. Kwa kawaida kuna pini za akiba, mbili, kwenye kifuko ambacho watu wanakitupa pamoja na karatasi. Kipande kilichobaki ndani kitoe hivi: pasha ncha ya sindano nene kwenye moto, ichomeke katikati ya kipande, milimita mbili, uache ipoe kabisa, halafu vuta polepole, inatoka nacho. Pini mpya ikilegea, ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka moja, ikauke usiku mzima. Si saa moja. Usiku mzima.

Nyumbani nako hakuna amani. Wageni wanauliza bei. Usiseme kweli, ukitaja 280, kabla ya kahawa unasomewa karo ya mtoto wa shangazi. Sema 20. Bado watasema umeibiwa.

Fundi wa vitrini uliyemwambia rafu ziachane sentimita 40, maana jamaa ana stendi chini na siku moja atainua mkono, yeye kaacha 30 kamili, kioo kizuri, alumini nzuri, na sasa jeshi zima limeinamisha vichwa kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Vumbi jekundu usilifute na kitambaa chenye maji. Ukilowanisha umetengeneza rangi, na suruali nyeupe haitakuwa nyeupe tena. Brashi laini ya poda, kavu, kutoka juu kwenda chini. Kwenye mikunjo, skochi, gusa uinue. Brashi iwe yako. Ukichukua ya mama wa nyumba, utaeleza mengine.

Mavazi meusi yanavuja rangi kwenye mwili. Weka plastiki ya kufungia chakula kati ya shati na ngozi. Suti za mpira usiziache zimekunja kiwiko mwaka mzima, zinapasuka papo hapo. Betri za vitufe kwenye vichwa vya kuwaka, zitoe. Zinatapika unga mweupe, na tone la siki kwenye kijiti cha pamba ndilo linaloufuta. Na koti la ngozi bandia, nawaonea huruma. Ile si ngozi, ni poliuretani, na unyevu unaivunja kutoka ndani: mvua za Novemba zikianza inaanza kubanduka kama mkono uliochomwa na jua. Mtu anakuja na mafuta ya kujipaka. Mafuta ya nini? Umewahi kupaka mafuta plastiki ikapona? Vifuko vya silika ndani ya vitrini, jua lisiguse, basi, na hata hivyo unachelewesha tu.

Sasa mkono wenyewe, ule wa chefu. Pini mpya ipo, mkono ni baridi, seshwari ipo, umeme haupo. Kwa hiyo ni mbabula, jiko la makala. Maji yapate moto hadi yaanze kutoa mvuke, yasichemke, umimine kwenye kikombe, utumbukize mkono nusu dakika, utoe na kijiko, usukume pini wakati bado ni laini. Inaingia kama siagi. Ila kikombe kiwe cha kazi hiyo peke yake, na ukae nacho. Ukiondoka kufungua geti, shemeji anaingia jikoni, anakuta maji ya moto yako tayari, anatia majani, anatia sukari vijiko vitatu, anakaa. Anakunywa nusu. Anasema chai ya leo ina tangawizi kubwa. Ni mkono wa kulia, wa kupumzika.

Yeye hakukasirika sana. Aliyekasirika ni mwenye mbabula, kwa sababu ya makala. Na hapo ana haki. Mfuko wa siku hizi wameujaza majani juu, wakafunga na kamba kwa ustadi wa kiwandani, katikati unga mtupu, chini mawe. Unawasha, inalia pa, pa, pa, inatoa moshi kama tairi. Ukimrudia muuzaji anakutazama machoni, anasema: Papa, ilinyeshewa njiani. Julai hii.