Mazda iliyooza na bei ya mkono wa fundi

Nilipotuma picha ya gari kwenye kundi la familia, wa kwanza kujibu alikuwa dada yangu: "Kaka, miaka 11 Uingereza, ndiyo unatuonyesha gari la juu ya mawe?" Simlaumu. Kwenye picha kulikuwa na Mazda MX-5 ya mwaka 2001, milango miwili, viti viwili, turubai la juu limeota ukungu wa kijani, tairi mbili hazina upepo, na karibu na gurudumu la nyuma bati limeliwa na kutu mpaka vidole vinapita. Nililinunua pauni 650, likaja nyumbani juu ya trela.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nimekulia Ngamiani, kwenye gereji ya mjomba chini ya mwarobaini, nikiokota nati na kuosha spea kwa petroli. Gari la aina hii nililiona kwenye magazeti tu. Kwa mtu mwenye mke, watoto na gunia la mkaa la kupakia, gari la viti viwili ni la kazi gani? Ukiongeza ushuru wa uchakavu tunaotozwa Tanzania kwa gari kuukuu, basi. Kenya ndiyo kabisa, likivuka miaka 8 haliingii. Kwa hiyo ndoto ile niliiweka kiporo, nikaja kuipasha moto huku Leicester, kwa pesa ya kudunduliza.

Ninachotaka kusema ni hiki: huku gari haliuawi na spea, linauawa na bei ya mkono.

Spea za MX-5 zimejaa. Ndilo gari la spoti la viti viwili lililouzwa zaidi duniani, yaliyotengenezwa yalifika milioni moja mwaka 2016, na mengi yamechinjwa, kwa hiyo mlango, taa, giaboksi, vyote unavipata kwa bei ya kawaida. Injini ya 1.8 ni ngumu. Ugonjwa wake ni kutu, na kutu hiyo ina njia yake. Mvua ikinyesha juu ya turubai, maji hushuka nyuma ya viti na kutokea kwenye mirija midogo miwili. Majani yakiziba mirija, maji hukosa pa kwenda, yanaingia kwenye lile bati la chini ya mlango unalolivuka ukiingia, huku wanaliita sili. Ndani yake ni tupu kama sanduku. Linaoza kuanzia ndani, rangi ya nje bado inang'aa. Juu ya hapo kuna chumvi wanayomwaga barabarani kila baridi ili barafu isigande.

Kitu kimoja huku nakisifu bila kubana. Gari likifikisha miaka 3, kila mwaka linapelekwa kukaguliwa, na majibu yote yanawekwa kwenye intaneti. Unaandika namba ya gari, hulipi kitu, unasoma kama kadi ya kliniki. Nilipoisoma ya Mazda hii, mwaka mmoja mkaguzi kaandika kutu inaanza upande wa kushoto. Mwaka uliofuata, kutu imeongezeka. Tena. Tena. Halafu likafeli, na baada ya hapo kimya. Nyumbani mita inarudishwa nyuma na mnunuzi hana pa kuuliza, anategemea sikio la fundi wake. Kadi kama ile ingewaokoa wengi.

Lakini tazama mwenye gari alivyoishia. Nilipeleka picha kwenye gereji moja, wakanitajia pauni 1,300 kwa sili zote mbili. Bati lenyewe jipya ni kama pauni 50 kwa upande. Zinazobaki zote ni mkono. Sheria haina mchezo pia: kutu ikidhoofisha bati ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye kishikizo cha mkanda au cha suspensheni, gari limefeli, na puti haikubaliki, lazima uchomelee mshono mfululizo. Mwenye gari alipiga hesabu, akaona mkono ni karibu mara mbili ya bei ya gari, akaliegesha nyuma ya nyumba mpaka likaota ukungu.

Kwetu lisingeota. Spea ni ghali kwetu, mkono ndio rahisi, kwa hiyo gari halifi. Corolla iliyogongwa mpaka mbele kugeuka nyuma, wiki mbili baadaye unaiona stendi. Tunajivunia sana jambo hilo, nami najivunia. Ila nani anailipia? Nimesimama mara nyingi pale gerejini nikisikia mteja akimwambia fundi wa bodi, "Saa mbili tu umegonga nyundo, unataka elfu hamsini?" Mzee yule alikuwa anakata pipa la mafuta, analigonga juu ya reli mpaka linakuwa ubavu wa gari, ukipitisha kiganja huhisi mshono. Anapewa thelathini, na maneno juu yake. Mimi mwenyewe niliona sawa.

Sina pauni 1,300. Nilinunua mashine ya kuchomelea ya mtumba, na mzee mmoja jirani, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, akanipa sehemu uani kwake, maana gari lisilolipiwa kodi halikai barabarani. Anakuja na kikombe cha chai ya maziwa, ananiuliza, "Leo spana ngapi, kijana?" Kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Zile zile za Corolla.

Jumamosi ya kwanza nilichokoa sili ya kushoto kwa bisibisi. Ilizama mpaka mpini. Nilipoichomoa maji yakatoka, meusi, yamechanganyika na majani yaliyooza, yakaendelea kutoka dakika nzima. Nikampigia mzee wa bodi Tanga kwa video.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwanangu. Geuza simu nione. Hapo palipovimba usipapige msasa, pakate. Kata mpaka ukutane na bati zima."

Nilikata. Nikadhani nimemaliza, akasema bado, gonga usikie mlio. Kweli, bati bovu linaitika kama debe lililopasuka, zima linalia. Nikaongeza kiganja kizima. Wakati wa kuchomelea akaniambia nisiburuze moto mfululizo tangu mwanzo: "Piga tone, ruka mbali, piga tone. Ziba katikati pole pole. Ukiwa na papara bati litajikunja." Jumamosi tatu kwa upande mmoja. Yeye angefanya kwa siku moja, macho nusu yamefumba.

Sili ya kushoto ilipokamilika nilimuuliza anidai nini kwa saa zote zile za simu. Akasema, "Nipe ya chai." Nikamtumia pauni 70, kiasi cha saa moja kwenye ile gereji iliyonitajia bei, kwake ni zaidi ya laki mbili. Hazikupita dakika tano akapiga.

"Mwanangu, umekosea sifuri?"

Nikamwambia sikukosea, hiyo ni saa moja, na bado ananidai zilizobaki. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza upande wa dereva nimeshaugonga kusikia mlio.