Mahindi Tunayo, Wanga Tunanunua

Nimezaliwa Njombe na sasa naishi Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Kote kuwili ukitoka nje ya mji kidogo tu unakuta mahindi. Tofauti ni kwamba huku karibu hakuna anayeyala. Nikitaka kusonga ugali inanibidi niende duka la Waafrika nikanunue unga uliosafirishwa kutoka mbali, kwa sababu mahindi ya Iowa ni ya njano, yanalimwa kwa ajili ya viwanda na mifugo, na mahindi meupe ni sehemu ndogo sana ya kilimo chao. Sisi wasema Kiswahili tulioko hapa, Wakongo wengi, Warundi, Wakenya na Watanzania, kila tukikutana tunalalamikia bei ya huo unga. Mimi linaloniumiza ni jingine. Nyumbani tunayazungumzia mahindi kama chakula na kama siasa, basi. Wakati huohuo soko la wanga, ile poda nyeupe inayotolewa ndani ya punje, linakua huko nyumbani mbele ya macho yetu, na wanga huo wa viwandani tunaagiza kutoka nje.

Nafanya kazi kwenye mapokezi ya nafaka katika kiwanda kimoja cha kusindika mahindi. Lori likisimama kwenye mizani, mkono wa chuma unashuka kutoka juu, unachomeka bomba ndani ya shehena sehemu kadhaa na kunyonya punje. Baada ya dakika chache dereva anapewa karatasi: unyevu kiasi gani, uzito gani, punje ngapi zimevunjika, sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wanaoota kwenye nafaka, ipo au haipo. Bei inakokotolewa kwa vipimo hivyo. Unyevu ukizidi asilimia 15 mkulima anakatwa, na kiwango cha makato alikijua kabla hajawasha lori, maana bei ya siku na masharti yote yako kwenye simu yake.

Sasa njoo Njombe mwezi wa saba. Mnunuzi anazamisha mkono kwenye gunia, anatoa punje mbili tatu, anazing'ata. Zikilia kwenye meno, ni kavu. Kisha gunia linajazwa lumbesa mpaka linashonwa kwa kilemba, dalali anataja bei, na mkulima mwenye ada za watoto na deni la mbolea anaitikia. Kwa mahindi ya kupeleka mashine ya kusaga, meno yanatosha kiasi. Kwa mahindi ya wanga hayatoshi hata kidogo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na hakuna jino linaloweza kutofautisha 13 na 16. Tena punje iliyokaushwa kwa moto mkali mno inaharibika kwa ndani, wanga haujitengi vizuri kiwandani, na kwa nje ukiitazama huoni kitu.

Namna wanga unavyopatikana haina uchawi, na mama zetu wanaielewa kuliko wanavyodhani. Ruvuma na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini wanawake wanakoboa mahindi, wanayaloweka siku kadhaa, wanayaosha, wanayaanika, ndipo yanasagwa kupata unga mweupe pe, laini. Kiwanda kinaanzia hapohapo. Mahindi yanalowekwa saa 30 hadi 48 kwenye maji ya moto wa kama nyuzi 50 yaliyotiwa salfa kidogo, yanalainika, yanapasuliwa. Kiini kinaelea kwa sababu kina mafuta, kinatolewa. Maganda yanachujwa. Kinachobaki ni uji wa wanga na protini, unazungushwa kwa kasi kubwa, wanga ulio mzito unakwenda upande wake na protini upande wake.

Hesabu yake ndiyo ninayotaka ndugu zangu waishike. Busheli moja ya mahindi ni kilo 25.4. Humo unapata wanga wa kama kilo 14, chakula cha mifugo kama kilo 6, gluteni, yaani protini ya kulishia kuku, zaidi ya kilo moja, na mafuta ya kula ya gramu 700 hivi. Kiwanda cha wanga hakiishi kwa wanga peke yake. Kinaishi kwa sababu kuna mtu wa ng'ombe, mtu wa kuku na mtu wa mafuta wanaopanga foleni kwenye mlango wa nyuma. Akikosekana mmoja wao, bei ya wanga inapanda, na ule unaotoka ng'ambo unauondoa sokoni. Watu wengi wanaoniuliza kuhusu biashara hii wanaulizia mashine. Sijawahi kusikia mtu akiuliza nani atanunua makapi.

Wamarekani wenyewe hawakufika hapa kwa bidii ya wakulima tu, na nadhani tunawadanganya watu wetu tunapohadithia hivyo. Mwaka 1842 Thomas Kingsford alitenga wanga wa mahindi kwa ajili ya nguo za kupiga pasi, na mwaka 1848 akafungua kiwanda chake Oswego, New York. Mengine mengi yaliletwa na sheria. Serikali iliwekea mipaka sukari inayoingia kutoka nje, sukari ya miwa ikawa ghali, shira ya mahindi, sukari ya majimaji inayotengenezwa kutokana na wanga, ikapata nafasi, na kufikia 1984 Coca-Cola na Pepsi walikuwa wameihamia. Mwaka 2005, na kwa nguvu zaidi 2007, sheria ikaamuru nishati ya mimea ichanganywe kwenye petroli. Leo zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya Marekani inaishia kuwa ethanoli, ndiyo nishati hiyo. Mkulima naye analipiwa na serikali sehemu kubwa ya bima ya mazao yake. Mkulima wa Ludewa hana hata kimoja kati ya hivyo, halafu tunamwambia ajifunze kwa Mmarekani.

Hata huku soko linageuka. Shira ya mahindi kwenye soda imekuwa ikishuka kwa zaidi ya miaka ishirini, watu wanaikimbia kwa hofu ya afya, na mwaka 2025 Coca-Cola walitangaza kuleta hapa soda yao yenye sukari ya miwa. Karatasi za magazeti na za kuandikia zinapungua, na zilikuwa zinameza wanga mwingi. Kinachopanda ni katoni. Kila kitu kinaagizwa kwa simu na kuletwa mlangoni ndani ya boksi, na mawimbi yale ya ndani ya boksi yameshikwa kwa gundi ya wanga. Poda ya watoto nayo imehama: Johnson & Johnson waliacha ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020 na duniani kote 2023, wakabaki na ya wanga wa mahindi. Pale Blair, Nebraska, jimbo la jirani, wanatengeneza plastiki kutokana na sukari ya mahindi. Bei ya punje inapanda na kushuka sana, mwaka 2022 ilipita dola 8 kwa busheli na miaka miwili baadaye ilikuwa kama nusu yake, lakini viwanda havikufunga milango, kwa sababu vina wateja wa aina nyingi.

Nikitazama nyumbani naona mambo yaleyale yakianza, kwa sura yetu. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, Kenya ilitangulia 2017, Rwanda tangu 2008. Mifuko ya karatasi ikaingia sokoni. Maparachichi ya Njombe sasa yanasafiri mpaka Ulaya na India, na parachichi halisafiri kwenye gunia, linataka katoni. Karatasi ngumu ya kahawia tunaitengeneza wenyewe pale Mgololo, Mufindi. Karatasi ya aina hiyo huimarishwa kwa wanga, na ikigeuzwa katoni inagandishwa kwa wanga. Vidonge vya dawa vinashikana kwa wanga. Nyuzi za mtande wa khanga hupakwa wanga zisikatike kwenye mashine. Hata haluwa ya Zanzibar, inayokorogwa kwa mwiko mpaka mabega yanauma, bila wanga ni shira tupu yenye hiliki. Wateja wapo, na wengi wao wako mwendo wa siku moja kwa lori kutoka kwenye magunia yetu.

Najua pingamizi linalokuja, na ni la haki: mahindi ni chakula, mwaka wa ukame watu watakula nini? Nimelifikiria sana, kwa sababu nimekulia kwenye nyumba ambayo kihenge kikipungua mazungumzo yanapungua. Lakini tupige hesabu. Kiwanda cha wanga cha kusaga tani 100 kwa siku, kikifanya kazi siku 330, kinataka tani 33,000 kwa mwaka. Mwaka 2024, Zambia ilipopigwa na ukame, Tanzania ilikubali kuiuzia tani 650,000. Nilifurahi kuona tunamlisha jirani, na ningependa tuendelee. Ila kiasi cha kuendesha kiwanda hicho ni kama sehemu moja ya ishirini ya shehena hiyo. Nchi inayoweza kuuza kiasi hicho haitakufa njaa kwa sababu ya kiwanda kimoja cha wanga.

Kitakachokiua kiwanda hicho ni milango ya mipakani inayofunguliwa na kufungwa. Mwaka 2017 tulizuia mahindi ghafi yasitoke nje, tukaambiwa tuuze unga. Wazo la kuongeza thamani lilikuwa zuri, nalipenda mpaka leo, lakini amri ilishuka wakati mahindi yako njiani na viwanda havijajengwa. Machi 2021 Kenya nao wakazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache wakalegeza. Bei ya mkulima ikarushwa huku na kule. Nani ataweka mabilioni ya shilingi kwenye mtambo unaotakiwa kuzunguka usiku na mchana mwaka mzima, kama hajui mwezi ujao mahindi yatakuwa shilingi ngapi na mpaka utakuwa wazi au la? Hapa Iowa sheria ya ethanoli wanaibishania kila mwaka, hawakomi, lakini imesimama tangu 2005, na watu wamejenga juu yake.

Sumukuvu sitaipita harakaharaka. Mwaka 2016 watu wetu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo, na Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125. Wapo wanaosema mahindi yaliyoharibika yapelekwe kwenye wanga kwa kuwa kiwanda kinasafisha. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya sumu haibaki kwenye wanga. Inakwenda kwenye maji ya kulowekea na kwenye makapi, yaani kwenye chakula cha ng'ombe na kuku. Ng'ombe wa maziwa akiila, inatokea kwenye maziwa. Na kiwanda kimepoteza yule mtu wa mlango wa nyuma niliyemtaja. Kiwanda cha wanga kinataka mahindi mazuri zaidi kuliko mashine ya kijijini, na mwenye kuyaleta anastahili kulipwa zaidi.

Kuhusu mhogo nitasema kwa ufupi, maana Lindi, Mtwara na Pwani wana wajuzi kuliko mimi. Thailand, ambako chakula kikuu ni wali, ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza nje wanga wa mhogo, na wanga huo ni mshindani mkubwa wa ule wa mahindi katika soko lolote la Afrika Mashariki. Mhogo wetu ukishang'olewa unaanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo kiwanda lazima kiwe shambani kabisa, na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia bado yanaumiza wakulima. Mahindi yana faida moja kubwa: yakikauka vizuri yanasubiri. Naona nafasi ya vyote viwili, mhogo kwa pwani, mahindi kwa nyanda za juu.

Kwa hiyo ningeulizwa pa kuanzia ningesema Makambako. Reli ya TAZARA inapita hapo, barabara ya Songea inakutana hapo na barabara kuu ya Mbeya, Mgololo iko jirani, mashamba yako pande zote, na wafugaji wa kuku wa Iringa na Mbeya wanahangaika na bei ya chakula cha kuku kila msimu. Lakini singeanza na kiwanda. Ningeanza na kikaushio na maabara ndogo ya kupima unyevu na sumukuvu, ambapo mkulima anapewa karatasi yake kama dereva wa hapa Iowa anavyopewa, na bei inafuata karatasi. Mzigo huo mkavu, uliopimwa, unauzika hata kabla ya kiwanda kuwepo: kwa wasagaji wakubwa, kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, kwa Wakenya wanaotaka cheti. Baada ya misimu kadhaa ya mzigo wa uhakika, mwenye mtaji wa kiwanda atakuja mwenyewe, na serikali ikimwahidi miaka kumi bila amri za ghafla, atabaki.

Tulioko ughaibuni tunatuma pesa za mbolea, za misiba, za bati. Sitaacha kutuma. Ila sehemu ya pesa hiyo ningependa iende kwenye kikaushio, pamoja na wenzangu wa Nyanda za Juu tunaofahamiana huku, na tumeanza kulizungumza kwa uzito. Tunachohitaji sasa ni majibu kutoka shambani. Wewe unayelima Ludewa, Wanging'ombe, Songea au Mbozi: msimu uliopita gunia lako lilinunuliwa kwa bei gani, limekauka kiasi gani, na ungekubali kulipa shilingi ngapi likaushwe na kupimwa kabla ya dalali kuliona?