Mafuta yamepanda: gari linalokunywa sana liuzwe au libaki?

Kila mafuta yanapopanda, mwenye gari la injini kubwa hupewa pole pamoja na ushauri: liuze, nunua dogo. Wanaomwambia hivyo hawakosi hoja. Gari linalotumia lita 12 kwa kilomita 100 haliwezi kushindana na linalotumia 7, hata uliendeshe kwa adabu gani. Ila hesabu yao huishia njiani, na anayeng'ang'ania gari lake la zamani huitwa mkaidi kabla hajaulizwa anatembea kilomita ngapi.

Tuhesabu kwa lita, maana bei haitulii. Mtu wa kilomita 1,000 kwa mwezi anatumia lita 120. Akibadili gari atatumia 70. Ameokoa lita 50 kwa mwezi, 600 kwa mwaka. Si haba. Sasa atazame fedha anayoongeza juu ya ile aliyouzia gari lake. Ikiwa nyongeza hiyo ingemnunulia lita 6,000, itamchukua miaka 10 kuirudisha, na hapo hatujagusa usajili, bima, riba ya mkopo wala fundi wa kwanza wa gari ambalo hajui limepitia mikono ya nani. Bei ya mafuta ikipanda tena muda huo hupungua, kweli: ikiongezeka kwa robo, fedha ile ile inakuwa sawa na lita 4,800, yaani miaka 8. Bado ni miaka 8!

Halafu kuna kuuza kwenyewe. Gari la mafuta mengi hukosa soko wakati ule ule kila mwenye nalo anapotaka kuliondoa. Mwaka 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika kama dola 147 mwezi Julai, na Marekani bei za magari makubwa yaliyotumika zikaporomoka huku watu wakigombea madogo. Desemba pipa lilikuwa chini ya dola 40. Aliyeuza kwa papara katikati ya mwaka alipata hasara ambayo mafuta yaliposhuka hayakumrudishia.

Anayebaki na gari lake naye ana la kufanya. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kuendesha kwa pupa, kukanyaga mafuta kwa nguvu kisha kufunga breki kali, hupunguza umbali unaopata kwa kila lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na 10 hadi 40 kwenye foleni. Wapo wanaoucheka ushauri wa namna hii. Lakini dereva wetu akipunguza matumizi kwa asilimia 15 tu, ni lita 18 kwa mwezi bila kutoa senti. Ukiona taa nyekundu mbele, ondoa mguu mapema na uliache gari ndani ya gia: injini nyingi za kisasa hukata mafuta kabisa hapo. Anayetia nyutro akidhani anabana matumizi anailazimisha injini iendelee kunywa ili isizime. Mwendo nao una gharama yake, kwani ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Kutoka 90 hadi 120 kwa saa unaongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Upepo wa matairi na keria tupu juu ya paa ni mambo madogo, ila nayo yanahesabika.

Hoja ya kuuza inapata nguvu kwa mtu wa kilomita 3,000 kwa mwezi. Huyo anaokoa lita 1,800 kwa mwaka, na zile 6,000 zinarudi kwa miaka mitatu na ushee. Auze, hasa kama injini yake imeshaanza kula oili. Wa kilomita 1,000 apime kwanza: ajaze tangi mpaka pampu ikatike, aandike kilomita, atembee siku zake za kawaida, ajaze tena vile vile, agawanye lita kwa kilomita na kuzidisha kwa 100. Ile 12 niliyoitumia hapa ni ya gari la mfano, si lake.